Maji ya rejeta yanapungua, chini ya gari pakavu

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Kiborloni hapa Moshi, na kila siku ya kazi napitia Himo kupanda Marangu kufundisha. Gari ni Premio ya 2004, injini ya 1NZ, otomatiki. Kila wiki naongeza maji ya bomba karibu nusu lita. Nikiegesha sioni tone chini, geji ya joto haivuki katikati, oili ni safi, haina rangi ya maziwa ya kuchanganyika na maji. Kinachonishangaza ni kwamba chupa ya akiba inabaki vilevile, ila nikifungua rejeta asubuhi naikuta imeshuka. Fundi wangu amesema gasketi ya silinda hedi imeungua, tufungue. Jirani anasema nimwage manjano ya unga ndani ya rejeta, patajiziba penyewe. Nimsikilize nani?

JIBU

Marahaba mwalimu. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Hedi isifunguliwe, na manjano yabaki jikoni. Sisemi fundi wako amekosea. Gasketi, yaani ile pakiti kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku iliyo chini yake, inaweza kuwa ndiyo. Ila amekupa jibu kabla ya kupima, na kufungua hedi ni kazi ambayo ukishaianza haina kurudi nyuma. Hedi ikitoka lazima ipelekwe kupimwa kama imepinda, inunuliwe gasketi mpya na sili zake, oili na kulanti (maji ya rangi ya kupozea injini) vibadilishwe, na wewe siku hizo zote upande daladala kwenda Marangu. Kama ugonjwa ulikuwa mfuniko wa rejeta, utalipa yote hayo na maji yataendelea kupungua palepale.

Katika maelezo yako yote, niliposhika zaidi ni pale pa chupa ya akiba. Watu wengi huniandikia "maji yanapungua" na kuishia hapo. Wewe umesema yanapungua wapi na hayapungui wapi, na hilo limenipunguzia nusu ya kazi.

Mfumo wenyewe hufanya hivi. Injini ikipata moto, maji yanatanuka. Gari lako linabeba takriban lita tano, na kutoka ubaridi wa asubuhi hadi joto la kazi yanaongezeka ujazo wa karibu glasi moja. Rejeta ikiwa imejaa, glasi hiyo haina pa kukaa, kwa hiyo inasukuma vali ya mfuniko, inapita kwenye kampira kembamba kalichochomekwa shingoni, na kuingia kwenye chupa. Ukizima gari na injini ikapoa, maji yanasinyaa, ndani panakuwa na mvuto, kavali kadogo ka katikati ya mfuniko kanafunguka kuelekea ndani, na ile glasi inanyonywa kurudi. Ndiyo maana kwenye gari zima rejeta hukaa imejaa hadi mdomoni siku zote, na kama kuna tundu mahali, upungufu huonekana kwanza kwenye chupa.

Kwako ni kinyume. Rejeta inashuka, chupa imetulia. Maana yake injini yako ikipoa inavuta hewa badala ya kuvuta maji. Hewa hiyo ama inaingilia kwenye njia ya kati ya rejeta na chupa, yaani mfuniko, shingo na kale kampira, ama inaingilia palepale maji yanapotokea wakati wa moto. Tundu linalotema maji kukiwa na presha ndilo linalomeza hewa kukiwa na mvuto.

Kwa hiyo, kabla ya kuhangaika na yanatokea wapi, tafuta yanatoka lini. Yanatoka gari likipanda mlima na injini ina moto? Yanatoka usiku gari limelala? Au yanatoka kila siku sawasawa, hata Jumapili ambapo umekwenda kanisani tu na kurudi? Kila jibu lina mahali pake pa kutazama, na kulipata hakuhitaji spana.

Anza Jumamosi asubuhi, gari limelala usiku mzima na limesimama mahali tambarare. Fungua rejeta ikiwa baridi. Nalisema hili mara moja na sitalirudia: rejeta ya moto haifunguliwi, hata kwa kitambaa, hata "kidogo tu". Maji yaliyo ndani yana presha na yanaweza kuwa yamevuka joto la kuchemka. Presha ikitoka ghafla yanageuka mvuke usoni mwako.

Jaza polepole hadi mdomoni. Minya mpira mkubwa wa juu mara kadhaa, utaona mapovu yanatoka na kina kinashuka, ongeza tena. Weka kitufe cha joto la ndani kwenye moto wa mwisho, washa gari mfuniko ukiwa wazi, liache lingurume taratibu. Thamostati, ile vali inayoyaruhusu maji kupita kwenye rejeta injini ikipata moto, ikifunguka, kina kitashuka ghafla kwa sababu hewa iliyokuwa imejificha ndani ya injini imepata njia. Ongeza, funga mfuniko vizuri. Kwenye chupa jaza hadi kati ya mistari miwili, kisha bandika kipande cha utepe au weka alama ya kalamu hapo maji yalipoishia. Kila Jumamosi ukiongeza nusu lita bila kutoa hewa hivi, sehemu ya upungufu unaouona huenda ni hewa ya wiki iliyopita ikitoka, na utaukimbiza upungufu huo mwaka mzima bila kuukamata.

Na tafadhali usijaze chupa hadi kwenye kifuniko. Vijana wa kuosha magari hupenda kufanya hivyo kwa ukarimu, pamoja na mpira wa maji ya bomba. Chupa ikijaa, ile glasi inayotanuka haina pa kwenda, inamwagika nje njiani, na kesho yake mwenye gari anasema maji yamepungua.

Ukijaza safari hii, usitumie maji matupu. Weka kulanti yenye rangi, ya pinki au ya kijani, mradi ni aina moja na lebo yake inasema inafaa injini za aluminiamu. Rangi peke yake haikuambii aina, kwa hiyo soma lebo. Kama ni ile nzito ya kuchanganya, changanya nusu kwa nusu na maji ya betri. Hapo kuwa mwangalifu dukani: unataka maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, siyo asidi, maana zote mbili hukaa rafu moja na chupa zake zinafanana. Faida za kulanti kwa injini unazijua au utazisoma kwenye lebo: haichemki upesi, inazuia kutu. Faida ninayoitaka mimi leo ni nyingine. Maji matupu yakivuja juu ya chuma cha moto yanakauka na yasiache alama ya maana. Kulanti ikikauka inaacha ukoko wa rangi, na ukoko huo utakuonyesha kwa kidole mahali ambapo macho yako yamepita mara nyingi bila kuona kitu.

Jumatatu nenda Marangu kama kawaida. Ukifika shuleni, kabla injini haijapoa, fungua boneti tu, usiguse mfuniko, tazama alama yako kwenye chupa. Maji yanatakiwa yawe yamepanda, kama upana wa kidole au zaidi. Jioni ukirudi nyumbani acha gari lilale, asubuhi tazama tena. Yanatakiwa yawe yamerudi kwenye alama, na rejeta iwe imejaa.

Yakipanda yasirudi, na rejeta ukaikuta imeshuka, ugonjwa uko kwenye njia ya kurudia. Yasipopanda kabisa wakati rejeta uliijaza vizuri, presha inatorokea mahali pengine kabla ya kufika kwenye chupa. Na yakipanda kupita kiasi, yakaendelea kupanda siku baada ya siku mpaka yanafurika, hapo ndipo nami nitaanza kuitaja gasketi, kwa sababu hewa ya moto kutoka kwenye silinda inaingia kwenye maji na kuyasukuma nje. Kwa maelezo yako hilo la mwisho ndilo halionekani, na ndiyo sababu sijakubali haraka kuhusu hedi.

Sasa mfuniko. Ningekuwa jirani yako ningeanza nao hata bila vipimo, kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko mafuta ya wiki moja ya kupanda Marangu na kurudi. Ugeuze uutazame kwa chini. Kuna mpira wa chini, ule unaokaa kwenye kitako cha shingo. Huo ndio unaoshikilia presha. Katikati yake kuna kale kavali kadogo ka duara. Kavute kwa kucha, kanatakiwa kafunguke, na ukikaachia karudi kenyewe. Kakiwa kameganda kwa kutu au kamelegea, hakafanyi kazi. Kuna na mpira wa pili, wa juu, chini ya ukingo wa mfuniko, ambao mafundi wengi hawauangalii. Huo ukipasuka, presha inaweza kushikika vizuri kabisa gari likiwa na moto, lakini likipoa linavuta hewa kupitia pembeni badala ya kuvuta maji kutoka kwenye chupa. Dalili yake ni hiyohiyo uliyoandika.

Juu ya mfuniko pamepigwa namba, 0.9 au 1.1, au 88 au 108. Ni kiasi cha presha, na ubadilishe kwa namba ileile iliyokuja na gari. Ukiweka mkubwa zaidi kwa kudhani ni bora, unaitwisha rejeta ya zamani mzigo isiouweza.

Kwa wewe unayepanda mlima, mfuniko ni jambo kubwa kuliko kwa mtu wa Tanga, kwa sababu kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Moshi mjini maji ya kawaida yakiwa wazi huchemka karibu nyuzi 97. Ukifika Marangu, kama ilivyo hapa Arusha kwenye mita 1,400 hivi, yanachemka karibu nyuzi 95. Thamostati ya injini yako huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo, na ukipanda mlima na abiria wanne joto la maji hucheza kwenye 90 na zaidi. Yaani bila presha uko ukingoni kabisa. Mfuniko mzima wa 0.9 unaisogeza kuchemka mpaka nyuzi 115 na kuendelea, hata huko juu. Mfuniko uliochoka unayaacha maji yachemke kimyakimya kwenye zile kona za juu ya Himo, mvuke unatoka, upepo unauchukua, na ukiegesha chini pakavu.

Utauliza mbona geji iko katikati. Geji za magari haya zimetengenezwa zisimame katikati muda wote joto likiwa ndani ya kiasi kinachokubalika, ili dereva asihangaike kila mshale ukitikisika. Inaanza kupanda mambo yakiwa yameshaharibika. Na kama maji yamepungua hadi kitambuzi chake kimebaki kwenye hewa, inaweza isipande kabisa huku injini inaungua. Usiitegemee kukuambia kiasi cha maji.

Ukiwa hapo kwenye mfuniko, fuata na kale kampira hadi ndani ya chupa. Kanatakiwa kazame hadi karibu na kitako. Kwenye magari ya umri wa lako, kampira ka ndani hukauka, hukatika, na kuanguka chini ya chupa. Wakati wa moto maji yanamwagika humo bila shida, lakini wakati wa kupoa mdomo wake uko juu ya maji, unanyonya hewa. Ng'oa chupa, uioshe, utazame ndani kwa tochi. Angalia na shingo ya rejeta yenyewe, pale kanapochomekwa. Ni plastiki, na ufa mwembamba kama unywele unatosha.

Mfuniko, kampira na shingo vikiwa vizima na maji bado yanashuka, basi kuna tundu, na tundu lisilodondosha tone si ajabu. Kwanza, Premio ina plastiki ya kukinga chini ya injini. Matone machache yanatua humo, yanatandazika na kukauka. Mwambie fundi aitoe kabla ya kusema chini pakavu. Pili, mavujo mengi hutoka kukiwa na presha tu na huangukia chuma cha moto. Tatu, mengine hufanya kinyume: mpira na kibano chake husinyaa kwa baridi ya alfajiri na kuachia, kisha vikipata moto vinatanuka na kuziba. Kwa huku Arusha, Juni na Julai naletewa magari ya namna hiyo kuliko mwezi wowote. Gari linavuja saa kumi na moja alfajiri, likifika gereji saa nne limekauka, na fundi anamwambia mwenye gari hakuna kitu. Ndiyo maana nasisitiza lini.

Sehemu za kutazama nakutajia kwa utaratibu ambao mimi ningezifuata kwenye 1NZ. Pampu ya maji, upande wa mkanda, ina katundu kadogo kwa chini kaliowekwa makusudi: sili ya ndani ikianza kuchoka, maji hupenya hapo ili yasiingie kwenye beringi. Tafuta mchirizi mweupe au wa pinki chini yake. Injini ikiwa imezimwa, shika puli uitikise. Isicheze hata kidogo. Kisha maungio ya rejeta, pale plastiki ya juu na ya chini zinapokutana na aluminiamu. Plastiki ikiwa imebadilika kuwa ya kahawia na inakatika kwa ukucha, rejeta hiyo siku zake zimehesabika. Kisha mpira mkubwa wa juu na wa chini, miishoni, na ile midogo inayokwenda kwenye throtoli (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), ambayo hujificha nyuma ya mpira wa hewa na hakuna anayeikumbuka.

Halafu hita. Mtu wa Moshi atacheka: nani anawasha hita Moshi? Lakini kwenye magari mengi maji huzunguka kwenye rejeta ndogo ya hita iliyo nyuma ya dashibodi, uwashe usiwashe. Ikitoboka, maji yanaingia ndani ya gari na chini hayaonekani daima. Inua kapeti ya abiria wa mbele, kushoto, ubonyeze sponji ya chini yake. AC nayo hulowesha hapo bomba lake la kutolea maji likiziba, kwa hiyo usipige kelele bado. Chukua kidogo kwa kidole: maji ya AC ni mepesi na hayana harufu, kulanti inateleza, ina rangi, na harufu yake ni tamutamu. Usionje, ni sumu. Kioo cha mbele kikipata ukungu wenye mafuta ambao kitambaa kinausambaza tu badala ya kuufuta, hapo pia ni hita.

Kuna kipimo kimoja ambacho ningemlipia fundi kabla ya kingine chochote: pampu ya mkono ya kupimia presha ya rejeta. Inafungwa mahali pa mfuniko, injini ikiwa baridi, anapampu hadi namba ya mfuniko wako na asiivuke, kisha anaacha. Si dakika mbili. Gari linalopoteza nusu lita kwa wiki linavuja polepole mno. Mshale unaweza kukaa robo saa nzima bila kusogea ndipo uanze kushuka. Kama anaweza kuliacha usiku kucha, aliache, na asubuhi aje na tochi kabla hajawasha. Gereji nyingi kubwa za Moshi na Arusha zina kifaa hiki, na kwa kawaida kina kiungo cha kupimia mfuniko wenyewe pembeni. Wavipime vyote viwili, rejeta na mfuniko. Fundi akikuambia hana kifaa lakini ana uhakika ni gasketi, mshukuru, chukua ufunguo wako.

Presha ikishuka na ukaona unyevu, umepata, kazi imekwisha. Presha ikishuka na nje kote pakavu, ndani ya gari pakavu, hapo maji yanaingia ndani ya injini na tunaweza kuizungumza gasketi kwa haki yake.

Hapa nirekebishe jambo ambalo nalisikia kila mara: "oili haina maziwa, basi gasketi ni nzima." Hapana. Gasketi ina njia nyingi za kuungua. Inaweza kufungua kati ya njia ya maji na silinda bila kugusa njia ya oili hata kidogo, na ukachomoa kijiti cha oili miezi mitatu ukaikuta safi. Na kinyume chake, povu la rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili, huku kijiti ni kisafi, mara nyingi ni unyevu tu wa gari linalotembea safari fupi za baridi. Moshi mweupe nao vilevile: asubuhi ya kipupwe kila gari linautoa, na injini ikipata moto unakatika. Usiokatika, wenye harufu tamu, ndio wa kuogopa.

Unachoweza kuangalia mwenyewe ni kuwashwa kwa kwanza asubuhi. Injini ikitikisika sekunde chache kama imekosa plagi moja, kisha ikatulia, inawezekana usiku maji yalipenyeza kwenye silinda moja. Baada ya kuwasha likiwa baridi kabisa, shika mpira mkubwa wa juu: ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata moto, presha hiyo haijatokana na joto. Fundi naye afungue plagi zote nne azipange mezani kwa mpangilio wake. Moja ikiwa nyeupe na safi kuliko wenzake, silinda yake inaoshwa na mvuke. Baada ya kuacha presha kwenye rejeta usiku kucha, apige stata plagi zikiwa nje. Maji yakiruka kama manyunyu kutoka tundu mojawapo, hakuna ubishi tena.

Kipimo cha kufunga mjadala ni kile cha kimiminika cha bluu. Mfuniko unatolewa injini ikiwa bado baridi, kisha kichupa kinawekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikinguruma na imepata moto, hewa ya juu ya maji inavutwa ipite ndani yake. Ikiwa ndani ya hewa hiyo kuna kaboni dayoksaidi kutoka kwenye silinda, bluu inageuka njano. Fundi apunguze maji kidogo kwanza ili yasinyonywe na kichupa, la sivyo kipimo kinaharibika. Mapovu pekee yasiwe ushahidi. Baada ya kuongeza maji bila kutoa hewa, kila rejeta ina mapovu. Rangi ikibaki bluu kwa vipimo viwili vya siku tofauti, hedi yako ibaki ilipo.

Mwenye Harrier au Ipsum ya 2.4 anayesoma hapa, wewe una njia fupi kidogo. Injini ya 2AZ-FE, hasa ya miaka ya mwanzo ya 2000, inajulikana kwa nyuzi za bolti za hedi kung'oka kwenye bloku ya aluminiamu, upande wa nyuma, na maji huchuruzika kati ya hedi na bloku huko nyuma ambako jicho halifiki. Tumia kioo na tochi. Premio ya mwalimu haina injini hiyo, kwa hiyo asitishwe na hadithi za jirani mwenye Harrier.

Jambo jingine dogo kwa wewe mwenye otomatiki: mafuta ya gia yanapozwa ndani ya rejeta hiyohiyo. Chomoa kijiti cha gia utazame rangi. Mekundu yanayopenya mwanga, salama. Yakiwa kama maziwa ya stroberi, usiliwashe gari tena, liite la kuvuta, kwa kuwa maji kwenye giaboksi huiua haraka kuliko injini.

Kuhusu manjano, na pilipili manga, na yai, na zile unga za dukani za kuziba rejeta: zinaziba kweli. Shida ni kwamba hazijui tundu ni lipi na mrija ni upi. Mirija ya rejeta na ya hita ni myembamba, na unga huo unatulia hasa pale maji yanapokwenda polepole. Utaziba tundu la kupoteza nusu lita kwa wiki na kuondoa uwezo wa rejeta kupoza, kisha siku moja yenye jua, katikati ya kupanda, geji itapanda kweli. Na fundi atakayekuja baadaye hatajua tena kilichokuwa kinavuja. Ningeikubali kwa gari lililokwama porini ambalo lazima lifike mjini. Wewe hujakwama.

Akitokea fundi mwingine akakushauri kutoa thamostati "kwa sababu Afrika ni joto", mkatalie pia. Injini itachelewa kupata moto, itakula mafuta, na kwenye injini nyingi ambazo thamostati pia huziba njia ya mkato ya maji, ukiitoa sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta, hivyo mlimani unaweza kupata joto zaidi.

Feni ipime kwa kuwasha AC gari likiwa limesimama; inatakiwa ianze kuzunguka ndani ya muda mfupi. Isipozunguka, foleni ya mjini inachemsha maji yako hata kama kila kitu kingine ni kizima. Lakini kwa kuwa unasema upungufu ni wa wiki nzima na wewe njia yako ni ya mwendo, siiwekei uzito.

Mpaka hapo tumalize, endelea kulitumia gari, ila kila asubuhi fungua rejeta kabla hujawasha, na ubebe lita mbili za mchanganyiko uleule. Mshale ukivuka katikati hata kidogo, egesha, zima, subiri lipoe kabisa. Kumimina maji ya baridi kwenye injini iliyochemka kunaweza kuipinda hedi ambayo leo ni nzima.

Nunua mfuniko Ijumaa, jaza Jumamosi kama nilivyoeleza, soma chupa Jumatatu mchana na Jumanne asubuhi. Ukiniandikia tena nitajie mambo manne: namba iliyopigwa kwenye mfuniko wa zamani, chupa ilipanda na kushuka kiasi gani, presha ya pampu ilikaa muda gani, na kama kuna ukoko wa rangi, uko upande gani wa injini.